Chatboti Ifanye Mtihani Wetu Kwanza

Wandugu, vijana wenzetu wa Nsambya, Katwe, Kabalagala, Masajja, Kisenyi na kote mliko, pamoja na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: leo tuna neno moja, na tunalisema mapema ili hata asiye na mega za kutosha alipate kabla bando halijakata. Chatboti yoyote inayowekwa kuongea na wakimbizi wa Kampala ifanyiwe majaribio ya kiotomatiki, kwa maneno tunayoandika sisi, kila mara inapobadilishwa. Isipopita, isitoke.

Tunajua wengine watasema hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Yanamhusu mama anayeandika saa sita usiku kwamba anapigwa, halafu anajibiwa "Samahani, sikuelewa. Bonyeza 1 kurudi mwanzo." Yanamhusu kijana aliyekosa randevu ya kitambulisho kwa sababu saa mbili yake na saa mbili ya mashine ni vitu viwili tofauti. Makosa haya yanaweza kukamatwa kabla hayajamfikia mtu. Njia ipo, na haihitaji mamilioni.

Kwanza tukumbushane tulipo. Uganda inapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kuliko nchi yoyote ya Afrika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, ndiyo maana wengi wetu tuko mjini na hatuko Nakivale au Kyaka. Lakini mjini kila mtu anajitegemea. Ukitaka kuuliza jambo ofisini, unapanda taksi, unapanga foleni, pengine unaambiwa urudi Alhamisi. Hiyo nauli ingenunua unga. Kwa hiyo simu ndiyo imekuwa mlango wetu wa ofisi.

Na mlango huo umefunguliwa pole pole kwa miaka mingi. UNICEF ilianzisha U-Report hapa hapa Uganda mwaka 2011, vijana wakajibu maswali kwa SMS za bure. Baadaye ikaja RapidPro, programu ya chanzo huria iliyotengenezwa na UNICEF pamoja na kampuni ya Nyaruka ya Kigali, ambayo inawezesha shirika kupanga mazungumzo ya simu bila kuajiri jeshi la wataalamu. Wakati wa korona, mwezi Machi 2020, Shirika la Afya Duniani likaweka huduma ya majibu kwenye WhatsApp. Kule Kongo, Watafsiri Wasio na Mipaka wakatengeneza chatboti inayoitwa Uji, ikiongea Kifaransa, Lingala na Kiswahili cha Kongo. Si jambo geni tena.

Kilicho kipya ni haraka. Tangu Marekani ikate misaada yake mwaka 2025, mashirika mengi yamepunguza watu. Dada aliyekuwa anapokea simu hayupo. Kaka mkalimani aliyekuwa anakaa pale mlangoni mkataba umeisha. Wakishaondoka watu, kinachoingia mahali pao mara nyingi ni mashine. Hatukatai mashine. Tunakataa mashine iwekwe mlangoni kabla haijajifunza kutusikia.

Ndani ya chatboti kuna nini

Tueleze kidogo kwa asiyejua, maana ukielewa hapa mengine yote ni rahisi.

Ukituma ujumbe, hausomwi na mtu. Unafika kwenye seva, na pale kuna sehemu ya programu tunayoweza kuiita kipokezi cha ujumbe. Kazi yake ni tatu: kupokea ujumbe, kuamua ni wa aina gani, na kutoa jibu au kuupeleka kwa mtu. Chatboti moja ina vipokezi vingi. Kimoja cha salamu, kimoja cha randevu, kimoja cha hatari, kimoja cha sauti na picha, na kimoja cha mwisho ambacho kinashika kila kitu ambacho wengine hawakukielewa. Huyo wa mwisho ndiye mwenye ile "Samahani, sikuelewa."

Jaribio la kiotomatiki ni programu ndogo inayojifanya mtu. Inakipa kipokezi ujumbe wa kutunga, bila kupitia WhatsApp wala MTN wala Airtel, halafu inaangalia kimefanya nini. Imepewa "jambo": je, imesalimia? Imepewa "ananipiga": je, imepeleka kwa mhudumu wa zamu? Kikifanya sawa, inaonyesha kijani. Kikikosea, nyekundu. Majaribio mia mbili ya namna hii yanaisha kwa sekunde chache, na yanarudiwa yenyewe kila mtu anapogusa programu. Hata akibadilisha nukta moja.

Watengeneza programu wanafanya hivi tangu zamani. JUnit, chombo cha majaribio cha Kent Beck na Erich Gamma, ni cha mwaka 1997. Kwa hiyo anayetuambia chatboti ya wakimbizi haina haja ya majaribio, tunamuuliza: ungekubali benki yako ibadilishe programu ya pesa zako bila kuijaribu?

Neno "piga" na mambo mengine

Sasa tuingie kwenye lugha, maana hapo ndipo shida inapolala.

Chukua neno moja tu, "piga." Mtu anaandika "Naomba unipigie." Huyo anataka simu. Mwingine anaandika "Bwana yangu ananipiga." Huyo yuko hatarini. Wa tatu anaandika "Walinipiga picha ofisini lakini karte haijatoka." Huyo anataka kitambulisho. Wa nne: "Nimepigwa." Kipokezi kinachotafuta herufi p-i-g kitawachanganya wote wanne. Ama kitampigia kelele za hatari yule wa picha, ama kitamwambia yule anayepigwa kwamba ombi lake la kupigiwa simu limepokelewa. Mtu wa Nairobi, Goma au Bujumbura anaona tofauti bila kufikiri. Mashine haioni mpaka mtu aandike majaribio manne: huu unaenda huku, huu unaenda kule.

Halafu Kiswahili chenyewe si kimoja. Chatboti nyingi zinafundishwa Kiswahili cha vitabu. Sisi tunaotoka Kivu tunaandika "mutoto iko na homa," "tuko inje," "siko na chakula," "banatutishia." Kipokezi kinachosubiri "sina" hakitaiona "siko na." Kinachosubiri "wanatutishia" hakitaiona hiyo "ba." Hayo si makosa ya kuandika, ndivyo tunavyoongea nyumbani. Wakati wa Ebola kule Kivu Kaskazini wafanyakazi wa misaada walishaona kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu haviwafikii watu wote. Somo hilo lilijifunzwa wakati watu wanakufa. Kampala isilazimike kulijifunza upya.

Na "ndiyo"? Ukiulizwa "Unakubali tukupigie?" mmoja atajibu ndiyo, mwingine ndio, mwingine eeh, sawa, oui, yes, au yee kwa Luganda. Kukataa ni hapana, apana, non, nedda. Kama kipokezi kinajua "ndiyo" peke yake, basi wengi wetu hatujakubali chochote.

Kuna salamu pia. Mswahili haanzi na shida. Anaandika "Jambo." Anatuma. "Poleni na kazi." Anatuma. "Niko na swali." Anatuma. "Ni juu ya mutoto." Kwa sekunde kumi zimeingia jumbe nne, na chatboti isiyojaribiwa inatapika menyu ileile mara nne, mpaka mama anadhani simu imeharibika. Jaribio lake ni rahisi: tuma jumbe nne haraka haraka, tarajia jibu moja lenye adabu.

Lingine ni saa. Kwetu saa mbili asubuhi ni 8:00. Waganda nao wanahesabu hivyo hivyo, na Waethiopia pia. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuandika 8h. Sasa kipokezi kilichotengenezwa na mtu wa Ulaya kikiona "saa mbili" kinaweka 2:00, yaani saa nane usiku, au kinajisahihisha kuwa 14:00 mchana. Mtu anafika asubuhi na mapema na watoto wawili, anaambiwa randevu si sasa. Au mbaya zaidi, anaandikiwa 2:00 mchana, yeye anasoma saa mbili, au kinyume chake anafika ofisi imeshafungwa. Jaribio: "saa mbili asubuhi" lazima iwe 8:00. "8h" lazima iwe 8:00. "Saa nane" bila maelezo lazima irudishe swali, mchana au usiku? Na jibu la mwisho liandike kwa namna zote mbili, saa mbili asubuhi, 8:00, ili kila mtu asome yake.

Mambo ambayo hayaonekani kwenye maandishi

Mengine hayahusu maneno kabisa.

Sauti. Wazee wetu na wengi ambao shule ilikatwa na vita hawaandiki, wanatuma sauti. Kipokezi kisicho na jaribio la sauti mara nyingi kinanyamaza tu. Na ukimya, kwa mtu aliyezoea kupuuzwa, ni jibu. Jaribio: ikija sauti, ijibu kwamba imefika, na impelekee mtu wa kuisikiliza.

Namba. Si kila mtu ana laini ya +256. Wengine wanatumia WhatsApp yenye +243 ya Kongo, +257 ya Burundi, +211 ya Sudan Kusini, +252 ya Somalia. Mnakumbuka vile ilikuwa shida mkimbizi kusajili laini kwa jina lake, mpaka mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ikaruhusu karatasi zetu zikubalike. Laini za kule nyumbani wengi bado wanazo. Kipokezi kinachokataa namba isiyoanza na +256 kinawafungia nje wale waliofika juzi, ambao ndio wenye maswali mengi kuliko wote.

Urefu wa SMS. Hii wengi hawaijui. SMS moja inabeba herufi 160, lakini ukitia herufi moja ambayo haimo kwenye orodha ya kawaida ya mtandao, zinashuka kuwa 70. Herufi za Kitigrinya na Kiamhari hazimo. Kiarabu hakimo. Hata ile ç ya "Français" haimo. Kwa hiyo menyu inayosema "2 Français" inaweza kugeuza SMS moja kuwa mbili au tatu, na shirika linalipia kila kipande, halafu mwisho wa mwezi tunasikia eti huduma ni ghali, ifungwe. Jaribio moja la kuhesabu herufi linaokoa pesa hiyo.

Ujumbe unaofika mara mbili. Seva isipojibu haraka, WhatsApp hutuma taarifa ileile tena. Kipokezi kisichojaribiwa kinaandika maombi mawili ya mtu mmoja, na afisa akiona mawili anaweza kudhani mtu anadanganya. Jaribio: tuma ujumbe uleule mara mbili, tarajia ombi moja.

Saa 24. Kwa kanuni ya WhatsApp ya mashirika na biashara, likishapokea ujumbe wako shirika lina saa 24 za kukujibu kwa uhuru. Zikipita, linaruhusiwa tu kutuma ujumbe wa kiolezo ulioidhinishwa mapema. Sasa fikiria mama ameandika Ijumaa jioni. Afisa anafungua Jumatatu, anaandika jibu zuri, anabonyeza. Jibu linakataliwa na mtandao. Afisa anaamini amejibu. Mama anaamini amedharauliwa. Hapo hakuna mbaya kati yao wawili, lakini uaminifu umekufa. Kwenye jaribio, tunaipa programu saa ya uongo, tunaiambia "sasa ni Jumatatu," na tunaangalia: je, imetumia kiolezo? Imemwonya afisa?

Na simu ya familia. Nyumba nyingi zina simu moja, na mara nyingi inakaa mfukoni mwa baba. Mtu akiandika kwamba anapigwa, chatboti ikajibu kwa herufi kubwa "POLE KWA UKATILI UNAOFANYIWA NA MUME WAKO," imemweka kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo jaribio la hatari lina pande mbili: lazima taarifa ifike kwa mhudumu, na lazima jibu lisiwe na neno linalomfichua. Jibu la kawaida tu, kama vile "Tumepokea. Je, ni salama kukupigia sasa?" Na kama ni usiku hakuna mtu wa zamu, iseme ukweli kwamba hakuna mtu mpaka asubuhi, na itoe namba zinazofanya kazi: polisi 999, na kwa watoto Sauti 116, ambayo ni bure.

Na hizi za AI?

Mtu atasema, zamani zimekwisha, siku hizi chatboti zina AI, zinaelewa kila kitu, majaribio ya nini?

Sisi tunasema ndiyo zinahitaji zaidi. Chatboti ya zamani ikikosea, inakosea vilevile kila siku, unaiona. Ya AI leo inajibu hivi, kesho vile, na inakosea kwa sauti ya mtu anayejua. Februari 2024 kule Kanada, baraza la usuluhishi la British Columbia liliamua kesi ya abiria aliyedanganywa na chatboti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea eti chatboti inajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza likakataa, likaiamuru kampuni imlipe. Yule alikuwa na tiketi, na nchi yenye baraza la kumsikiliza. Mkimbizi akidanganywa kwamba makazi mapya Marekani yanalipiwa, anauza cherehani yake anampa tapeli. Atakwenda kushitaki wapi?

AI nayo inajaribika. Hutafuti jibu lile lile neno kwa neno. Unaweka vitu ambavyo lazima viwemo na vitu ambavyo kamwe visiwemo. Ukiuliza "Kwenda Ulaya ni pesa ngapi?" jibu lazima liseme huduma za UNHCR ni bure, na kamwe lisitaje bei wala lisimwahidi mtu safari. Ukiuliza "Naruhusiwa kufanya kazi?" jibu lisipingane na sheria ya 2006. Unaliuliza swali lilelile mara ishirini, kwa Kiswahili cha Goma, cha Mombasa, na kile cha kuchanganya na Kifaransa. Likikosea mara moja kati ya ishirini, ni nyekundu.

Ongeza na jaribio la tarehe. Kila jibu la ofisi iko wapi na inafungua lini liwe na siku lilipohakikishwa. Zikipita siku thelathini bila mtu kulihakikisha, jaribio linaanguka lenyewe na mtu analazimika kupiga simu kuuliza. Maana ofisi zinahama, siku za kuandikisha zinabadilika, na chatboti inaendelea kutuma watu kwenye geti lililofungwa.

Mnayotujibu, na tunayowajibu

Ndugu zetu wa mashirika, tumeshasikia majibu yenu, na mengine ni ya haki.

Mnasema mlishafanya kikao na jamii. Ni kweli, tulikaa, tukanywa soda, tukarudishiwa nauli, tukasema chatboti ni nzuri. Lakini kikao ni cha siku moja. Chatboti inabadilishwa kila wiki, na kilichofanya kazi mwezi wa tatu kinavunjika mwezi wa tano bila mtu kujua. Jaribio la kiotomatiki ni kikao kinachorudiwa kila siku, bila soda. Fanyeni vyote viwili: kikao kitafute maneno mapya, na majaribio yalinde yale yaliyokwisha kupatikana.

Mnasema hakuna bajeti. Vyombo vyenyewe ni vya bure, pytest ya Python hailipiwi. Kinachohitaji pesa ni muda wa mtu anayejua lugha, na huyo yuko Katwe anatafuta kazi. Linganisheni hiyo na gharama ya kufungua huduma, watu waichukie, muifunge, muandike ripoti kwamba "jamii haikuipokea teknolojia."

Mnasema majaribio hayawezi kufikiria kila kitu. Hapo mmesema kweli tupu. Jaribio linakamata lile tu ambalo mtu aliliwaza. Kijani haimaanishi chatboti ni salama, inamaanisha haikuanguka kwenye maswali tuliyonayo. Ndiyo maana orodha lazima ikue. Kila ujumbe ulioeleweka vibaya ugeuzwe kuwa jaribio jipya, ili kosa lile lisirudi mara ya pili. Na ndiyo maana "sikuelewa" ikitokea mara mbili, mtu halisi lazima aingie. Mashine inaweza kupunguza foleni, lakini mwisho wa foleni lazima akae binadamu.

Mnasema kuna siri za watu. Hapo sisi ndio tunapaza sauti kwanza. Uganda ina Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2019, na hata kama isingekuwepo, ujumbe wa dada yetu si mali ya kuwekwa kwenye faili la fundi. Msinakili jumbe za kweli kuziweka kwenye majaribio. Tungeni upya: maneno mengine, bila jina, bila namba, bila mtaa, ila kwa lugha ileile. Kazi hiyo ya kutunga inamhitaji mtu anayeiongea lugha kwa kuzaliwa. Yaani sisi.

Kazi yetu vijana

Basi tusiishie kulalamika. Kuandika jaribio hakuanzi na kompyuta. Kunaanza na jedwali la safu tatu, ambalo unaweza kulichora hata kwenye daftari: mtu ameandika nini, alimaanisha nini, nini lazima kitokee.

"Landilodi amefunga nyumba, tuko inje." Amefukuzwa. Apelekwe kwa mhudumu leo hii, asipewe menyu.

"Karte yangu imepotea mu taksi." Kitambulisho kimepotea. Aelezwe hatua, kwanza taarifa ya polisi.

"Aksanti sana." Anashukuru. Ajibiwe karibu, mazungumzo yafungwe, asiulizwe tena lugha.

"Stop." Hataki tena. Asitumiwe ujumbe mwingine hata mmoja.

Mwenye kujua Python analichukua jedwali kama lilivyo na kulifanya majaribio, mstari kwa mstari. Mama asiyejua kompyuta lakini anajua vile watu wa Bukavu wanaomba msaada bila kutaja aibu yao, huyo ameandika sehemu ngumu kuliko ya fundi. Makerere na Sunbird AI wameshafanya kazi nzuri ya kukusanya Luganda, Kiacholi, Kiateso, Kilugbara na Kinyankole kwa ajili ya kompyuta. Kiswahili cha Kivu, Kinyamulenge na Kitigrinya cha Kampala vinatusubiri sisi.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wa mashirika mambo manne. Moja, maneno ya majaribio yaandikwe na wakimbizi, na walipwe kama wafanyakazi wengine wa mradi. Mbili, chatboti yenye jaribio la hatari lililoanguka isitolewe, hata kama mfadhili anakuja kesho kuiangalia. Tatu, orodha ya majaribio iwekwe wazi, ili shirika la pili lisianze sifuri na ili sisi tuione na kuikosoa. Nne, wekeni jina la cheo cha mtu anayejibika chatboti ikikosea. Tukiuliza, tusiambiwe "ni mfumo."

Na ninyi vijana wenzetu, anzeni na sentensi kumi kila mmoja. Kumi tu, za namna nyumbani kwenu wanavyoomba maji, dawa, ulinzi, shule. Zitungeni, msinakili za mtu. Kisha mkiona shirika limefungua chatboti mpya, waulizeni hadharani, kwa heshima: mliijaribu kwa lugha gani, na nani aliandika majaribio?